TUSILING'OE BOMBA, TUONGEZE JINGINE LA CHINI



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), nawashukuru wahariri wa jarida letu kwa kunipa nafasi hii. Mimi si mwandishi. Ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Tanga, na juzuu zangu nilizisoma katika madrasa hii hii, nikiwa safu ya nyuma karibu na dirisha kwa sababu nilikuwa mtundu. Nimeshika kalamu kwa kuwa lile bomba la mazoezi lililoko uani, ambalo wazazi wanabishana juu yake, nimelichomelea mimi kwa mkono wangu.

Kwa wasiolijua kisa, nitakieleza kwa ufupi. Vijana wakubwa wa madrasa waliniomba niwatengenezee mahali pa kujivuta, yaani nguzo mbili na bomba juu yake, mtu aning'inie na ajiinue mpaka kidevu kipite. Niliwafanyia bila ujira. Kwa muda mrefu lilitumika vizuri. Kisha mwaka jana, siku moja baada ya mvua, mtoto wa miaka kumi akapandanisha ndoo mbili za kutawadhia, akalirukia bomba likiwa limelowa, mikono ikateleza. Alianguka kwa bega, akavunjika mtulinga. Mkono wake ulifungwa tanzi kwa wiki kadhaa. Alhamdulillah amepona, na namuona akikimbia kama wenzake.

Katika kikao cha wazazi kilichofuata, rai zilikuwa mbili. Kundi moja likasema bomba ling'olewe, kwani watoto wameletwa kusoma Qur'ani na si kuwa wanasarakasi. Kundi la pili likasema michango ikusanywe, inunuliwe mashine ya mazoezi ya kisasa, ile yenye kamba za chuma na vitofali vya uzito. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alinigeukia akaniuliza, "Fundi, mwanangu, wewe una la kusema?" Nilinyamaza. Aibu ilinishika, kwani nilijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Leo nalisema.

Kilichomvunja mtoto yule ni zege. Nilipozisimika nguzo niliacha zege lichomoze juu ya ardhi kiasi cha kiganja, kama kikombe kuzunguka kila nguzo. Nilidhani linapendeza. Bega la mtoto lilitua pale pale kwenye ukingo. Laiti ningelizamisha zege chini na kulifunika kwa mchanga, huenda angeinuka akajipangusa. Na kosa la pili pia ni langu: nililiweka bomba moja tu, la juu, kwa kimo cha vijana walioniomba. Mtoto wa miaka kumi akiona wakubwa wananing'inia naye atataka. Ukimnyima bomba la kimo chake atatafuta ndoo.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba bomba lising'olewe. Turekebishe nililoharibu, na tuongeze la chini.

Naomba nieleze kwa nini nang'ang'ania. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mbili, mimi na wenzangu tulifunga kipande cha bomba kwenye matawi mawili ya mwembe kwa kamba ya katani. Mji wetu huu, katani haikosekani. Kamba ile ilinyeshewa masika nzima, ikaoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Nilikuwa katika kubembea ilipokatika, nikavunjika kifundo cha mkono. Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuniuliza kamba ilikuwa ya nini wala ilifungwaje. Alichukua shoka akakata matawi yote mawili. Mwembe ukabaki kama mtu aliyekatwa mikono. Nasi tukahamia kwenye jengo bovu lisilomalizika, tukawa tunaning'inia kwenye nondo zilizochomoza ukutani, mahali ambapo baba hakupajua. Huko kulikuwa hatari mara kumi kuliko mwembeni, na ndiko nilikovuta sigara yangu ya kwanza. Simlaumu baba. Nasema tu kwamba matawi yalikatwa na hamu ikabaki.

Sasa kuna hofu tatu ninazozisikia kwa wazazi, nazo si za kudharau.

Ya kwanza ni kwamba kujivuta vyuma ni mambo ya wahuni wa maskani. Ni kweli kwamba maskani nyingi zina vyuma, makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, na si kila anayekaa pale ana kheri. Lakini chuma hakina tabia, tabia anayo anayekishika. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na hupendwa zaidi na Mola wake kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Sitaki kuigeuza hadithi hiyo kuwa tangazo la misuli, kwani masheikh wetu hutueleza kwamba makusudio yake makubwa ni nguvu ya imani na azma. Hata hivyo tunajua pia kwamba alimkumbusha sahaba wake Abdullah bin Amr (R.A.), aliyekuwa akifunga kila siku na kukesha kila usiku, kuwa mwili wake una haki juu yake. Haki hiyo huwezi kuitimiza kwa kukaa tu. (Ama wale vijana wanaovua fulana kila wanapojivuta, hata jua likiwa limezama, hao wana shughuli nyingine na tunaijua.)

Hofu ya pili ni kwamba mtoto akijivuta au akipiga pushapu atadumaa. Nimeisikia hii tangu utotoni. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wamelitazama suala hili kwa miaka mingi, na katika mwongozo wao wa mwaka 2020 wanaeleza kwamba mazoezi ya nguvu yanayofanywa kwa mpangilio mzuri na chini ya uangalizi hayaonekani kuzuia kurefuka kwa mtoto. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka huo huo wa 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na angalau siku tatu katika wiki afanye yale yanayoimarisha misuli na mifupa. Hebu tuhesabu mtoto wetu anakaa saa ngapi. Asubuhi dawati la shule, mchana mkeka wa madrasa, jioni simu ya mama yake.

Hofu ya tatu, muda wa kuhifadhi utapungua. Robo saa kati ya kumaliza darasa la alasiri na kutawadha kwa magharibi inatosha kabisa, na muda huo watoto hivi sasa wanautumia kurushiana kandambili.

Wapo pia wanaodhani kwamba mazoezi ya namna hii ni uzushi wa Wazungu na vyumba vyao vya vioo. Wajerumani wana sehemu yao katika historia hii, hilo halina ubishi, kwani mwaka 1811 mwalimu aitwaye Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa wazi nje ya Berlin akaweka vifaa vya mbao vya kuning'inia na kupanda. Lakini Waislamu wana yao. Kule Iran ipo nyumba inayoitwa zurkhaneh, maana yake nyumba ya nguvu. Katikati ya nyumba hiyo huwa na shimo pana wanamofanyia mazoezi, na kiongozi hupiga ngoma huku akisoma mashairi na kumsalia Mtume. Mwaka 2010 UNESCO iliyaweka mazoezi hayo katika orodha yake ya urithi wa wanadamu. Mimi kama fundi kilichonivutia ni vifaa vyao. Kimoja ni ubao mfupi wenye miguu midogo, unaushika kwa mikono miwili sakafuni na kupiga pushapu juu yake. Ni hicho tu! Seremala wa mtaani kwetu anautengeneza kwa mabaki ya mbao za kitanda.

Na yuko Ghulam Muhammad, Mwislamu wa Bara Hindi aliyejulikana kwa jina la Gama, aliyezaliwa mwaka 1878 na kufariki Lahore mwaka 1960. Mwaka 1910 alikwenda London, akapambana kwa mieleka na Stanislaus Zbyszko wa Poland, mtu mzito kuliko yeye, wakashindana karibu saa tatu bila mshindi. Ilipofika siku ya marudiano mwenziwe hakutokea, Gama akapewa mkanda. Walipokutana tena Patiala mwaka 1928, Gama alimbwaga kabla dakika moja haijatimia. Mazoezi makuu ya mtu huyu yalikuwa kuchuchumaa na kusimama, na pushapu za namna ya kwao za kushuka na kupanda kama wimbi, mamia kwa mamia, juu ya udongo. Uzito aliounyanyua zaidi ya yote ulikuwa kiwiliwili chake mwenyewe. Sisi tulipokuwa shule, pushapu na kuruka kichura vilikuwa adhabu ya mchelewaji. Sishangai kwamba watu wa rika langu tukisikia neno mazoezi tunatafuta mlango.

Nije kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo ninapofaa.

Bomba la kushikia liwe la chuma, la maji, lililopakwa zinki, la inchi moja. La robo tatu ni zuri kwa kiganja cha mtoto, lakini likiwekwa juu na mtu mzima akabembea, hupinda, nimeyaona yaliyopinda. La plastiki lisitumike kamwe, hata likiwa nene. Nguzo ziwe za inchi mbili. Mabomba haya huuzwa kwa urefu wa futi 20. Moja la inchi mbili, ukilikata katikati, linakupa nguzo mbili za futi 10, ambazo futi mbili na nusu zitaingia ardhini na saba na nusu zitabaki juu. La pili ukilikata vipande vinne vya futi tano, unapata nguzo za mabomba mawili ya chini, futi mbili ndani na tatu nje. Bomba moja la inchi moja linatoa vipande vitano vya futi nne. Utatumia vitatu na viwili vitabaki, uviweke, havitakosa kazi.

Kabla ya kuchomelea, zinki isagwe mahali pa kuunganisha mpaka chuma kionekane. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kifua usiku ule ule, na kazi hiyo ifanywe nje penye upepo. Kisha palipochomelewa papakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi haina huruma. Vichwa vya nguzo vizibwe kwa kipande cha bati nene. Ukiviacha wazi, maji ya mvua yataingia na kuilia nguzo kwa ndani, na kabla ya hapo mavu watakuwa wamekwisha hamia.

Zege liwe la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Nguzo zisimamishwe kwa timazi. Uso wa zege uishie shubiri nzima chini ya ardhi, na hili nalisema kwa mdomo wa mtu aliyekwisha adhibiwa. Lisiguswe kwa siku saba na limwagiwe maji asubuhi na jioni. Chini ya bomba lote, na hatua mbili mbele na nyuma, pachimbwe na pajazwe mchanga wa mto kina cha futi moja. Mchanga wa pwani una chumvi itakayokula nguzo, na tena ufukwe wetu umekwisha chotwa vya kutosha. Mchanga hukanyagwa ukawa mgumu kama sakafu, kwa hiyo kila Ijumaa mtu aufukue kwa reki.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwani ndipo wengi wanapokosea. Kijana wa kilo 60 akining'inia kimya, bomba linabeba kilo 60. Akibembea, hesabu inabadilika. Akishuka kutoka usawa wa bomba mpaka chini kabisa, pale chini bomba linavutwa kwa nguvu ya kama kilo 180, yaani mara tatu ya uzito wake. Ndiyo sababu kamba yangu ya katani ilinivumilia nilipojivuta, ikanitupa nilipobembea. Basi kifaa chochote cha kutengeneza wenyewe kijaribiwe kabla ya mtoto kukigusa. Mimi siku hizi naning'iniza mifuko minne ya mchanga yenye uzito kama wa mifuko ya saruji, kilo 50 kila mmoja, naiacha usiku kucha. Asubuhi naangalia viungo kwa jicho na kwa nyundo ndogo. Kama pana ufa, mlio wa chuma hubadilika. Zamani sikufanya hivyo. Nilijipima kwa kuning'inia mwenyewe mara mbili, nikasema tayari.

Bomba la chini, la kimo cha kiuno, watu hulidharau, nami naliona ndilo lenye kheri nyingi. Unalala chali chini yake, unalishika, unanyoosha mwili kama ubao huku visigino viko ardhini, unajivuta mpaka kifua kiguse. Asiyeweza kujivuta hata mara moja juu, hapa ataweza mara tano. Ukianguka, umeanguka futi tatu juu ya mchanga. Baada ya miezi, mtoto huyo huyo atasogea bomba la juu bila ndoo.

Na kwa anayekaribia kuweza, tyubu ya baiskeli isiyovuja upepo tena hufungwa kitanzi juu ya bomba, anaweka goti au mguu ndani, ule mpira unamsaidia kupanda. Ikionyesha mipasuko itupwe. Pushapu hazihitaji kifaa, ila mwenye maumivu ya vifundo ashike vipande viwili vya mbao nzito visivyoyumba. Gunia la mchanga la kilo kumi, lililoshonwa mara mbili, linatosha kwa kuchuchumaa nalo kifuani. Wanaotaka pete za kuning'inia, kama zile za wanasarakasi, wachukue mikanda ya viti vya magari mabovu ambayo haijachanika wala kuchubuka, na fundo lifungwe na mtu wa bandarini. Mabaharia wetu wanajua mafundo ambayo mimi sijafika.

Nimebakiza jambo ambalo katika kikao lilipita kama halikusemwa. Mama mmoja aliinua mkono akauliza, "Na mabinti?" Watu wakacheka kidogo, mazungumzo yakaendelea. Mama huyo hakuwa na mzaha. Katika nyumba zetu wanawake ndio wanaougua magoti, migongo na sukari, na binti akishavunja ungo hata kukimbia mtaani huacha. Ua wa nyuma, upande wa darasa la mabinti, una ukuta mrefu pande zote na mlango mmoja unaofungwa kwa ndani. Bomba moja la chini likiwekwa pale, chini ya usimamizi wa ustadhat, hakuna jicho litakaloingia wala stara itakayovunjwa. Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), akamshinda mara ya kwanza na akashindwa mara ya pili. Kama nyumba ile tukufu iliona hilo halina ubaya, sioni kwa nini sisi tucheke.

Ama mashine ya kununua, sina mengi. Kamba zake za chuma zitakula kutu kwa hewa hii ndani ya miaka michache, vipuri vyake havipatikani hapa, na anayeitumia ni mmoja huku thelathini wanasubiri. Fedha hizo, zikipatikana, paa la darasa la watoto wadogo linavuja.

Masharti yangu kwa vijana ni machache. Bomba likilowa, hakuna kujivuta mpaka likauke na kupanguswa. Asiyefika miaka kumi na minne asiguse la juu bila mkubwa kusimama chini yake. Kubembea ni marufuku, kwa hesabu niliyoitoa. Mavazi yasitiri. Na ikiadhiniwa, hakuna "moja ya mwisho".

Nimekwenda nyumbani kwa yule mtoto na kumuomba radhi baba yake, nikamwambia habari za zege kama nilivyoziandika hapa. Aliniskiliza kimya, kisha akaniuliza kama bomba la chini litakuwa tayari kabla ya mwanawe kufunga shule. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza baada ya kikao kijacho, kama kamati itaridhia, nitakuja baada ya alfajiri na sururu, grainda na mashine yangu ya kuchomelea. Kazi ya kwanza ni kuvunja vikombe vile vya zege. Nitahitaji vijana wanne wenye makoleo, toroli moja, na mzazi mwenye gari la kubebea mchanga wa mto.

Wassalaam.